Hawalipwi, Lakini Hufungiwa

Saa nane za usiku zilipita wasuluhishi hawajamaliza. Ulikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Septemba 2015, jijini Dublin, na mechi iliyowakesheza ilipangwa kuchezwa siku hiyohiyo. Mlalamikaji alikuwa Diarmuid Connolly, mshambuliaji wa kaunti ya Dublin. Jumapili iliyotangulia, katika nusu fainali dhidi ya Mayo, alionyeshwa kadi nyekundu kwa kumpiga Lee Keegan walipokuwa wakigaragazana chini. Mechi iliisha kwa sare, ikabidi irudiwe, na adhabu ya Connolly ilikuwa kuikosa hiyo mechi ya marudio. Mechi moja tu. Kamati ya kwanza ilimkatalia, na ya rufaa nayo ikamkatalia. Sasa alikuwa amefika ngazi ya mwisho, mbele ya watu watatu wasiofungamana na upande wowote, na kwenye saa nane na nusu hivi uamuzi ukatoka. Kwa kauli ya wawili dhidi ya mmoja, walisema hakutendewa haki katika utaratibu wa kusikilizwa. Kifungo kikafutwa. Dublin walishinda marudio, na majuma mawili baadaye wakawafunga Kerry na kutwaa ubingwa wa Ayalandi nzima.

Msomaji aliyezoea soka la kulipwa atadhani nyuma ya mkesha huo kulikuwa na fedha. Hazikuwepo. Connolly hakuwa na mshahara wa kupoteza wala bonasi ya kusubiri, na hakuna klabu ya kigeni iliyokuwa ikimvizia kwa kitita cha usajili. Alicheza kama wanavyocheza wenzake wote katika michezo ya Kigaeli, bila malipo. Alichokuwa anakipigania ni dakika sabini ndani ya uwanja wa Croke Park.

Nami nasema hicho si kidogo. Katika mchezo usio na mshahara, huwezi kumkata mtu asichopokea. Unachoweza kumnyang'anya ni kucheza kwenyewe, na kucheza ndiyo malipo yake yote. Kwa hiyo kumfungia mchezaji wa ridhaa ni adhabu nzito kuliko inavyoonekana kwa mtu wa mbali, na mwenye mamlaka ya kuitoa ana wajibu wa kujua anailindia nini. Chama kinachoiendesha michezo hii kimetumia zaidi ya karne kulijibu swali hilo, na si mara zote kilijibu vizuri.

Chama chenyewe ni Chama cha Michezo ya Kigaeli, GAA kwa kifupi. Kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika mji wa Thurles, kaunti ya Tipperary, na watu walioona michezo ya asili ya Ayalandi inamezwa na ile ya Waingereza. Michezo yake mikubwa ni miwili. Katika kandanda ya Kigaeli mpira hudakwa, hudundwa na kupigwa teke. Ukiingia wavuni ni pointi tatu, ukipita juu ya mwamba kati ya nguzo ni pointi moja, au mbili ukipigwa kutoka mbali. Katika harlingi wachezaji hubeba fimbo bapa za mti uitwao ash na kuupiga mpira mdogo mgumu wa ngozi kwa kasi inayotisha. Kila upande una watu 15. Siku ya fainali Croke Park hujaza watu 82,300, na kesho yake mfungaji bora yuko darasani akisahihisha madaftari, au zizini, au ofisini kama mtu mwingine yeyote. Hachagui klabu kwa kufuata dau. Anachezea parokia alikozaliwa, na kaunti ya kwao. Akifungiwa huko, hana pa kuhamia.

Utaratibu wa kumfungia mtu hauna siri. Baada ya mechi refa huandika ripoti. Kwa mechi kubwa, ripoti huenda kwa kamati inayosimamia mashindano, ambayo hupendekeza adhabu. Mchezaji anaweza kuikubali, jambo likaisha, au akaomba kusikilizwa na kamati nyingine iliyoundwa kwa kazi hiyo. Asiporidhika kuna kamati ya rufaa, nayo hairudii kesi upya bali huangalia kama sheria ilitumika sawasawa. Juu ya zote kuna Mamlaka ya Usuluhishi wa Migogoro, DRA, isiyokaa chini ya viongozi wa chama. Kaunti nazo zina kamati zao kwa mechi za klabu. Wengi wa wanaokaa kwenye viti hivyo hawalipwi pia. Ni walimu wastaafu, wakulima na makarani, wanaotoka kazini na kwenda kumhukumu kijana ambaye pengine wanamjua baba yake.

Nguzo ya mfumo wote ni sharti moja. Ripoti ya refa huhesabiwa kuwa ya kweli kuhusu yaliyotokea, mpaka ipingwe na mkanda wa video ambao haujakatwakatwa au ushahidi mwingine mzito. Nitalirudia sharti hili baadaye, kwa sababu linabeba mengi.

Adhabu nyingi za makosa ya mchezoni sasa huhesabiwa kwa mechi. Zamani zilihesabiwa kwa wiki, na hesabu hiyo ilikuwa na kasoro ya wazi: aliyefungiwa wiki nne katika mwezi usio na mechi hakukosa kitu, na aliyefungiwa wiki hizohizo katika mwezi wa mashindano alipoteza mwaka mzima. Mwaka 2007 timu za Cork na Clare zilitoka vyumbani kwa wakati mmoja pale Thurles, zikakutana mlangoni mwa uwanja na kuanza kusukumana na kupigana kabla hata mpira haujarushwa. Wachezaji watatu wa Cork, Donal Óg Cusack, Diarmuid O'Sullivan na Seán Óg Ó hAilpín, walifungiwa wiki nne. Walipanda ngazi zote za rufaa na kushindwa, wakaikosa nusu fainali ya jimbo la Munster dhidi ya Waterford. Kifungo cha wiki bado kipo kwa makosa mazito zaidi, hasa ya kumgusa mwamuzi, na makali yake yameongezeka. Tangu 2022 msimu wa kaunti huanza na kuisha mapema na fainali huchezwa Julai. Leo wiki 12 zikianza Aprili au Mei humeza karibu ubingwa wote.

Kuelewa kifungo kinaweza kumfanya nini mtu asiyelipwa, inabidi kumfahamu Tony Keady.

Mwaka 1988 Keady alikuwa mchezaji bora wa harlingi nchini. Galway, kaunti yake, ilikuwa imechukua ubingwa mwaka 1987 na kuutetea 1988, naye akiwa katikati ya safu ya nyuma, jezi namba 6. Mwaka uliofuata Galway ilikuwa ikiwania ubingwa wa tatu mfululizo. Keady akasafiri kwenda New York. Jumuiya ya Waayalandi wa huko ilikuwa na ligi yake katika uwanja wa Gaelic Park, Bronx, na klabu zake ziliwaita nyota kutoka nyumbani kucheza wikendi za kiangazi. Kila mtu alijua kwamba noti zilipita mkononi chini ya meza. Wachezaji wengi walikwenda, na baadhi yao waliandikishwa kwa majina ya watu wengine. Keady alicheza akiwa hana kibali kinachotakiwa, kwa jina la ndugu yake.

Kamati ya mashindano ilimfungia mwaka mmoja. Galway walikata rufaa, suala likafika Baraza Kuu la chama, wajumbe wakapiga kura. Kura 20 ziliunga mkono kifungo, 18 zikakipinga. Mwezi Agosti 1989 Galway walikutana na Tipperary katika nusu fainali bila beki wao. Wachezaji wao wawili walitolewa kwa utovu wa nidhamu, na wakafungwa kwa tofauti ya pointi tatu. Siku hizo hapakuwa na nafasi ya pili: ukishindwa mara moja, mwaka wako umekwisha. Tipperary wakaenda kuchukua kombe. Galway walisubiri hadi 2017 kulipata tena la harlingi, na Keady alikuwa amefariki dunia majuma machache tu kabla ya fainali hiyo, akiwa na miaka 53.

Siwezi kuisoma habari hii bila kuona kwamba adhabu ilikosa kipimo. Keady alivunja sheria, hilo halina ubishi. Lakini hakumuumiza mtu. Chama kilikuwa na hofu ya kweli, kwamba dola za New York zingeibomoa misingi ya ridhaa, na hofu hiyo yote ikatuama juu ya mabega ya mtu mmoja aliyekuwa na jina kubwa. Wengine waliofanya kama yeye waliendelea kucheza. Kifungo kinapotolewa ili kiwe fundisho kwa wote, anayekitumikia hubeba zaidi ya kosa lake. Mwaka mmoja kwa mchezaji aliye kileleni haurudishwi na kitu.

Hata hivyo Keady angalau alifungiwa kwa jambo lililohusu kucheza. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, GAA iliwafungia wanachama wake kwa walichokitazama na mahali walipocheza dansi. Kanuni ya 27 ya kitabu chake ilimkataza mwanachama kucheza, kuhudhuria au kuendeleza michezo iliyoitwa ya kigeni, yaani soka, raga, hoki na kriketi. Ziliundwa kamati za waangalizi ambao kazi yao ilikuwa kwenda kwenye viwanja vya soka na raga kuangalia nani wa kwao amekaa jukwaani. Fikiria shughuli hiyo: mwanachama wa kujitolea anakaa kwenye mvua akiandika majina ya wanachama wenzake.

Kanuni hiyo haikumheshimu mtu yeyote. Novemba 1938 Douglas Hyde, Rais wa kwanza wa Ayalandi, alihudhuria mechi ya soka ya timu ya taifa dhidi ya Poland katika uwanja wa Dalymount Park. Alikwenda kwa sababu alikuwa mkuu wa nchi na nchi yake ilikuwa inacheza. Hyde huyu ndiye aliyeanzisha mwaka 1893 jumuiya ya kuifufua lugha ya Kiayalandi, na si wengi waliokuwa hai wakati ule walioutumikia utamaduni wa Kigaeli kama yeye. Mwezi uliofuata GAA ilimvua heshima ya kuwa mlezi wa chama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuja kukumbwa Tom Cheasty wa Waterford, mmoja wa wachezaji waliotwaa ubingwa wa harlingi mwaka 1959. Alifungiwa kwa kuhudhuria dansi iliyoandaliwa na klabu ya soka. Kwa kifungo hicho aliikosa medali ya ligi ambayo wenzake waliishinda mwaka 1963.

Lazima niseme hofu ile ilitoka wapi, maana haikuzuka hivihivi. Tarehe 21 Novemba 1920 majeshi ya Uingereza yaliingia Croke Park wakati mechi inachezwa na kufyatua risasi. Watu 14 waliuawa, mmoja wao Michael Hogan, mchezaji wa Tipperary, na jukwaa moja la uwanja limepewa jina lake. Chama kilichofikwa na msiba huo kilikuwa na sababu za kuona mipaka kati yake na Waingereza kuwa jambo la uhai. Kutoka kizazi hadi kizazi mipaka hiyo ililindwa kwa silaha pekee kiliyokuwa nayo, ambayo ni kumtoa mtu uwanjani.

Kanuni ya 27 ilifutwa mwaka 1971 katika mkutano mkuu uliofanyika Belfast, baada ya miaka mingi ya kampeni ya wanachama wa kawaida. Kanuni ya 21, iliyowazuia polisi na wanajeshi wa Uingereza huko Ayalandi ya Kaskazini kuwa wanachama, iliondoka Novemba 2001, mwezi uleule jeshi jipya la polisi lilipoanza kazi kaskazini. Ndani ya mwaka mmoja polisi hao wa kaskazini walikuwa na timu yao ya kandanda ya Kigaeli. Na tarehe 24 Februari 2007 timu ya raga ya Uingereza ilisimama ndani ya Croke Park, wimbo wake wa taifa ukapigwa na kusikilizwa kwa heshima, kisha Ayalandi wakawafunga 43 kwa 13. Miaka thelathini na sita tu ilikuwa imepita tangu ifutwe kanuni ya kumfungia mtu kwa kuutazama mchezo huo. Naona hapo chama kikiwa kimefika mahali pa kuacha kuadhibu uaminifu wa mtu kwa taifa lake, na kuanza kuuliza maswali ya uwanjani: nani ameumizwa, nani ameonewa.

Maswali hayo nayo yana ugumu wake, na ugumu huo ulijionyesha mahakamani. Mwaka 1998 Colin Lynch wa Clare alifungiwa miezi mitatu baada ya marudio ya fainali ya Munster dhidi ya Waterford, ilhali refa hakumtoa uwanjani siku hiyo. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu, akashindwa. Clare wakaingia nusu fainali dhidi ya Offaly bila yeye, na nusu fainali hiyo ikawa na vituko vyake: refa alipuliza filimbi ya mwisho dakika mbili kabla ya wakati, mashabiki wa Offaly wakakaa chini katikati ya uwanja hadi ikaamuliwa mechi irudiwe, na Offaly wakashinda na mwishowe kutwaa kombe. Mwaka 2004 Rory O'Connell wa Westmeath naye alikimbilia Mahakama Kuu, na yeye akapata zuio lililomruhusu kucheza. Westmeath wakachukua ubingwa wa jimbo la Leinster kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Ilikuwa wazi kwamba jambo hili haliwezi kuendelea. Jaji wa Mahakama Kuu hana kazi ya kuamua nani acheze Jumapili, na mchezaji wa ridhaa hana fedha za kumlipa wakili kila mara. Hapo ndipo DRA ilipozaliwa mwaka 2005. Mwanachama anatakiwa kupita huko kabla ya kufikiria mahakama, na uamuzi hutolewa haraka, usiku wa manane ikibidi.

Wapo wanaoichukia DRA. Wanasema imefungua mianya, kwamba mtu aliyempiga mwenzake mbele ya maelfu anaponea kwenye koma iliyokosewa katika barua. Usiku ule wa Connolly uliwatia hasira wengi, na Mayo walikuwa na haki ya kujisikia vibaya. Lakini mimi nasimama na wasuluhishi. Kwa miaka mingi mianya ya kweli ilikuwa ndani ya kitabu cha chama chenyewe. Rufaa ilitakiwa iandikwe kwenye karatasi iliyotengenezwa Ayalandi, na majina yaandikwe kwa Kiayalandi. Kwa masharti kama hayo mtu angeweza kushindwa kabla ya kusikilizwa. DRA haiulizi kama ulimpiga mwenzako. Inauliza kama uliambiwa unashtakiwa nini, kama ulipewa nafasi ya kujibu, kama waliokuhukumu walifuata sheria yao wenyewe. Chama chenye uwezo wa kumwondolea mtu kitu pekee anachokipata ndani yake lazima kiweze kuyajibu maswali hayo matatu. Kisipoweza, kifungo kife, hata kama mfungwa ana hatia.

Sasa nirudi kwenye ripoti ya refa na mkanda wa video. Mwaka 2021 Peter Casey wa Limerick alitolewa kwa kadi nyekundu katika nusu fainali ya harlingi dhidi ya Waterford. Kamati ya kusikiliza mashauri iliifuta kadi hiyo. Casey akacheza fainali dhidi ya Cork, akafunga pointi tano kipindi cha kwanza kabla ya kuumia goti, na Limerick wakachukua kombe. Haki ilitendeka. Lakini ilitendeka katika mechi iliyopigwa na kamera kutoka kila upande. Kamera hizohizo hugeuka pia. Jumapili jioni wachambuzi wa televisheni hurudisha nyuma tukio moja mara kadhaa, polepole, na ifikapo Jumatatu taifa zima limeshatoa hukumu. Wachezaji wa kaunti hulalamika kuwa wanashtakiwa sebuleni kwa watu. Nawaelewa.

Nawahurumia zaidi wale wasio na kamera hata moja. Mechi nyingi za GAA si za Croke Park. Ni za klabu, madaraja ya chini, kwenye viwanja vya kijijini vilivyozungukwa na ng'ombe, zikitazamwa na jamaa wa wachezaji. Kijana akitolewa huko kwa kosa la mwenzake, ripoti ya refa itahesabiwa kuwa ya kweli na hakuna kitu cha kuipinga isipokuwa maneno ya marafiki zake. Na aliyevunjwa taya nyuma ya mgongo wa refa hataona mtu akifungiwa. Usawa mbele ya sheria, katika michezo hii, unategemea mno kama kuna mtu aliyekuja na kamera, na bado sijaona chama kikilishughulikia pengo hili kwa uzito unaostahili.

Refa mwenyewe ni nani? Ni jirani mwingine wa kujitolea, mara nyingi mchezaji wa zamani, anayeendesha gari lake mwenyewe hadi kwenye mechi. Juni 2008 nahodha wa Kerry, Paul Galvin, aliyekuwa mwalimu wa sekondari, alipandwa na hasira katika mechi dhidi ya Clare na kuupiga mkono wa refa Paddy Russell hadi daftari lake likaanguka. Alifungiwa wiki 24. Baada ya rufaa zilibaki 12, akarudi kama mchezaji wa akiba kwenye fainali ya Septemba ambayo Kerry walifungwa na Tyrone. Mwaka uliofuata alichaguliwa mchezaji bora wa kandanda nchini. Connolly, yuleyule wa 2015, alimsukuma mshika kibendera kwa mkono Juni 2017, akapewa wiki 12. Safari hii hakukata rufaa. Alikaa nje kiangazi chote, akarudi mwishoni mwa Agosti, na katika fainali ya Septemba aliingia kutoka benchi na kuchezewa faulo iliyozaa pointi ya ushindi dhidi ya Mayo. Hakupungukiwa na kitu mbele ya watu kwa kuitumikia adhabu yake.

Wapo waliosema wiki 12 kwa kusukuma kidogo ni nyingi mno. Sikubaliani nao. Mwaka 2022, katika kaunti ya Roscommon, refa alishambuliwa kwenye mechi ya vijana na kupelekwa hospitalini. Aliyemshambulia alifungiwa na chama miaka 40. Mwaka huohuo robo fainali kati ya Armagh na Galway ndani ya Croke Park iligeuka ngumi za watu wengi, na Tiernan Kelly wa Armagh akafungiwa wiki 24 baada ya picha kumwonyesha akimwekea mpinzani vidole jichoni. Anayemsukuma mshika kibendera mbele ya kamera anamfundisha mtu wa kijijini kwamba mwamuzi anagusika. Hapa ndipo ukali una kazi yake, na hapa sioni sababu ya kuulegeza.

Njia nyingine ni kuadhibu papo hapo, kabla hasira haijafika kwenye ngumi. Kadi nyeusi ilianza kutumika katika kandanda mwaka 2014 dhidi ya faulo za makusudi, na tangu 2020 anayeonyeshwa hukaa nje dakika 10 timu yake ikipungua. Sheria mpya za kandanda zilizotoka kwenye kamati ya Jim Gavin, kocha wa zamani wa Dublin, zilianza 2025. Nahodha peke yake ndiye anayeruhusiwa kuzungumza na refa kuhusu uamuzi, na timu inayobishana hushuhudia mpira ukisogezwa mita 50 kuelekea lango lake. Adhabu hiyo huumiza timu nzima mara moja, na haina rufaa ya usiku wa manane.

Kama mtu anadhani enzi za kuadhibu mavazi na dansi zimepita kabisa, aulize wanawake. Kamogi ndiyo harlingi ya wanawake, nayo ina chama chake tangu 1904. Kitabu chake kiliwalazimisha wachezaji kuvaa kaptula iliyounganishwa na sketi. Tarehe 3 Mei 2025, kwenye nusu fainali ya Leinster, timu za Dublin na Kilkenny ziliingia uwanjani zikiwa zimevaa kaptula za kawaida, pande zote mbili kwa makubaliano. Waliambiwa wabadilishe au mechi ivunjwe. Walibadilisha, wengine wakitokwa na machozi ya hasira. Mwaka uliotangulia mkutano mkuu wa chama hicho ulikuwa umekataa kuiondoa kanuni hiyo. Safari hii ghadhabu ilikuwa kubwa mno, mkutano wa dharura ukaitishwa tarehe 22 Mei, na asilimia 98 ya kura zikawapa wachezaji uhuru wa kuchagua. Wanawake watu wazima, wanaocheza bila malipo, walitishiwa kuvunjiwa mechi kwa sababu ya sketi. Ninapolitaja hilo karibu na jina la Tom Cheasty nadhani msomaji anaona undugu wake.

GAA, chama cha kamogi na chama cha kandanda ya Kigaeli ya wanawake sasa viko katika safari ya kuungana, kwa mpango unaoongozwa na Rais wa zamani wa Ayalandi, Mary McAleese, na lengo lililowekwa ni mwaka 2027. Vyama vitatu vina vitabu vitatu vya sheria, na itabidi kipatikane kimoja. Watakaoshika kalamu wana nafasi ya nadra ya kulipitia kila sharti linaloweza kumweka mtu nje ya uwanja na kuliuliza linamlinda nani. Lile la kumlinda refa libaki, tena liongezewe nguvu. Lile la kumlinda mchezaji dhidi ya kiwiko na fimbo libaki, na kila kaunti isaidiwe kuwa na kamera moja kwenye mechi zake za klabu. Yale yasiyomlinda mtu yeyote yaachwe nje ya kitabu kipya tangu rasimu ya kwanza, bila kusubiri timu mbili zivue sketi mbele ya refa.